Machozi ya Msomaji si Aibu ya Fasihi

Imekuwa ada katika madarasa ya fasihi ya Kiswahili kuyatazama machozi ya msomaji kwa jicho la shaka. Mwanafunzi akisema kwamba riwaya fulani imemliza, huonekana kana kwamba bado hajaanza kuhakiki. Atakiwalo ni kutaja maudhui, kuwaainisha wahusika na kubainisha tamathali za usemi.

Shaka hii si ngeni. Plato, katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, aliwashutumu washairi kwa kuzistawisha hisia ambazo, kwa maoni yake, zilifaa kudhibitiwa. Aristotle naye alishikilia kuwa tanzia huamsha huruma na hofu, na kwa njia hiyo huzitakasa hisia hizo. Mjadala huo hufundishwa vyuoni mara kwa mara. Hata hivyo, ni nadra mwanafunzi kuulizwa jamii yake mwenyewe imelijibuje swali hilo.

Kaloleni, katika kaunti ya Kilifi, jawabu lipo. Miongoni mwa Wagiriama, kama ilivyo kwa Wamijikenda wengine, msiba una sanaa yake. Kifudu huimbwa na kuchezwa matangani; kilio kikapata mapigo, maneno na waitikiaji. Mfiwa hanyamazishwi, wala haachwi kulia peke yake. Aliyekulia katika mazingira hayo anajua, kabla ya kufungua kitabu chochote cha nadharia, kwamba kulia kunaweza kuwa tendo la sanaa, na kwamba si kila mwenye sauti kubwa anayewagusa waombolezaji. Huo nao ni uhakiki. Ajabu ni kwamba mwanafunzi huyo akifika darasani huambiwa auweke kando.

Itazamwe riwaya ya Chozi la Heri ya Assumpta Matei, iliyotahiniwa katika shule za upili nchini Kenya kuanzia mwaka 2018. Ridhaa, ambaye ni daktari, anabaki kwenye magofu ya nyumba iliyoteketea pamoja na jamaa zake, na aliyehusika na unyama huo ni jirani, Mzee Kedi. Kwa msomaji aliyepitia machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, ukurasa huo si "maudhui ya ukabila" tu. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Mwalimu anayepita hapo mbio ili afikie orodha ya maudhui amewanyima wanafunzi wake kiini cha kitabu chenyewe.

Wapo watakaopinga kwamba machozi ni rahisi kuyachuma. Watataja jinsi Umu na nduguze, Dick na Mwaliko, wanavyokutana tena baada ya kutenganishwa, na watasema sadfa zimezidi. Ni kweli, sadfa ni nyingi. Lakini msomaji halizwi na sadfa. Hulizwa na safari ndefu ya upweke aliyoandamana nayo pamoja na watoto hao. Palipokosa safari hiyo, sadfa huzaa mguno, si chozi.

Hivyo basi, si kila kinacholiza ni bora. Kuna mtunzi anayelia yeye mwenyewe katika kila ukurasa, akamwacha msomaji macho makavu. Kinyume chake ni Mwana Kupona. Alipoutunga utendi wake mnamo 1858 alikuwa mgonjwa, na alimwita bintiye aje na wino na karatasi. Sehemu kubwa ya utendi huo ni mawaidha kuhusu dini, adabu na unyumba. Mauti hayapigiwi kelele. Ila kila wasia unasikika kama mkono unaokaribia kuachia, na hapo ndipo koo la msomaji hukaba.

Hapana budi, basi, machozi yarejeshwe katika uhakiki, si kama hukumu ya mwisho bali kama ushahidi wa kwanza. Mwanafunzi aulizwe: ni wapi andiko lilikugusa, na mtunzi alifanya nini hapo? Swali hilo litampeleka kwenye muundo, mtindo na usimulizi kwa hiari yake. Asipoulizwa, ataendelea kuamini kwamba vitabu vya Kiswahili huandikwa ili vitahiniwe, na siku atakapomaliza mtihani, atavifunga asivifungue tena.