Keshero: Kapela moja, makanisa mawili, nani atafungisha ndoa?

GOMA – Katika kartie ya Keshero, kwenye njia ya kwenda Sake, Wakatoliki, Wabatisti wa CBCA na Wapentekoste wa CEPAC wanaishi nyumba kwa nyumba. Watoto wanasoma pamoja, wanakua, wanachumbiana. Ni siku ya ndoa ndipo ukuta unaonekana: mara nyingi mmoja, zaidi bibi arusi, analazimika kuhama kanisa lake.

Wapo wanaofikiri kapela ya pamoja ingemaliza shida hiyo. Lakini jengo ndilo sehemu nyepesi. Sheria ya Kanisa Katoliki ya 1983, kanuni ya 1118, inataka ndoa ya Mkatoliki na Mkristo mwingine aliyebatizwa ifungwe parokiani, ila kwa ruhusa inaweza kufungwa katika kanisa lingine au kapela. Mlango upo, basi.

Kizito ni kinachofuata. Ruhusa ya ndoa yenyewe inatoka kwa askofu, na kanuni ya 1125 inamtaka Mkatoliki aahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa kikatoliki. Mwenzake lazima ajulishwe. Wazazi Waprotestanti wakisikia hilo mahari ikiwa imekwisha kutolewa, hasira inaeleweka. Afadhali waambiwe mwanzoni. Tena kanuni ya 1127 inakataza padri na mchungaji kupokea pamoja kiapo cha wachumba, kila mmoja kwa ibada yake. Mmoja anapokea kiapo. Mwingine, akialikwa, anaweza kusoma Neno, kuomba na kubariki: mwongozo wa Roma wa 1993 unakubali.

Kwa Waprotestanti mambo hayako mepesi pia. ECC inaunganisha jumuiya nyingi, na kila moja ina nidhamu yake. Mchungaji wa CBCA akikubali, yule wa CEPAC hafungwi na neno lake.

Serikali nayo haiangalii kapela: kwa sheria ya familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, baraka ya kanisani peke yake haitoshi kumpa mke haki zake.

Hata hivyo, viongozi hawa wanajua kukaa meza moja. Januari 2025 maaskofu wa CENCO na wachungaji wa ECC walitangaza pamoja mpango wao wa amani, na Februari, Goma ikiwa tayari mikononi mwa M23, ujumbe wao ulifika mjini kuzungumza na Corneille Nangaa. Kwa wachumba wa Keshero, meza hiyohiyo ingeweza kutoa karatasi moja, kwa Kiswahili, inayosema nani anapokea kiapo, nani anabariki, na watoto watabatizwa wapi.