DAFTARI LA NYUMBANI NI NGAO YA MFANYAKAZI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Usemi huo ulikuwa ni wosia kwa wenye maduka, lakini sisi leo twauelekeza kwa mfanyakazi wa mshahara na kwa mkulima mdogo wa Mbeya na Iringa. Mwenye duka akipoteza mali hufunga duka. Mfanyakazi akipoteza mshahara wake hawezi kufunga nyumba. Huendelea kuamka alfajiri na kwenda kazini, hali jasho lake limekwisha kuwa mali ya mtu mwingine.

Tutazame yanayotendeka siku ya mshahara. Wako wafanyakazi, na miongoni mwao wamo walimu na wauguzi ambao Taifa limewakabidhi watoto na wagonjwa wake, wasiokwenda wenyewe benki siku hiyo. Kadi ya benki imo katika mtoto wa meza wa mkopeshaji, pamoja na namba ya siri. Mkopeshaji huiendea mashine asubuhi, huchukua fungu lake kwanza, kisha humpa mwenye mshahara kilichosalia. Haifiki nusu ya mwezi kilichosalia nacho kimekwisha, na mwenye mshahara humrudia mtu yule yule kukopa tena. Wananchi wameupa mkopo wa namna hii jina la kausha damu, na hawakukosea.

Jambo hili latukumbusha historia ya nyanda zetu. Wakoloni walipoleta kodi ya kulipwa kwa fedha taslimu, vijana wengi wa Iringa na Mbeya waliyaacha mashamba ya wazazi wao. Wako waliokwenda kukata mkonge Tanga, wako waliochimba dhahabu ya Lupa huko Chunya, na wako waliovuka mpaka kwenda migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Manamba wa mkonge alipewa kipande, yaani kadi iliyotiwa alama kwa kila siku aliyofanya kazi, na siku 30 zilipotimia ndipo alipolipwa. Tajiri alikuwa na daftari lake. Mtoza kodi alikuwa na daftari lake. Mwenye duka la kambini alikuwa na daftari lake. Manamba alikuwa na kipande tu, nacho kiliandikwa na mtu mwingine.

Serikali ya kikoloni hata ilikuwa na sheria iliyomzuia mfanyabiashara kumdai Mwafrika mahakamani deni ambalo halikuidhinishwa na ofisa wa Serikali. Walisema ni kumlinda. Lakini ndani ya ulinzi huo ilikuwamo dharau, kwamba Mwafrika ni kama mtoto asiyejua kuhesabu. Uhuru ulipatikana mwaka 1961, na mambo hayo yamepita. Leo mwananchi yu huru kukopa apendavyo. Basi twauliza: je, tumekwisha kushika daftari letu wenyewe, au mpaka leo hesabu zetu zaandikwa na wengine?

Ukweli ni kwamba kuhesabu twajua, na ushahidi umo mitaani mwetu. Nenda Uyole, nenda Kihesa, nenda Mafinga au Tukuyu, utawakuta akina mama katika vikundi vya VICOBA. Sanduku la kikundi lina kufuli tatu, na funguo hushikwa na watu watatu mbalimbali, hata asiweze mmoja kulifungua peke yake. Kila mwanachama ana daftari lake. Hisa zahesabiwa mbele ya wote, mkopo watajwa mbele ya wote, faini ya mchelewaji yaandikwa. Hakuna senti inayoingia au kutoka bila kushuhudiwa.

La ajabu ni kwamba mama yule yule, akisha kurudi nyumbani, hana daftari. Na mumewe, ambaye kazini huandika kila mfuko wa saruji unaotoka ghalani, hajui ni kiasi gani kimetumika nyumbani mwake tangu mwisho wa mwezi uliopita. Mali ya kikundi ina kufuli tatu. Mali ya nyumba haina hata moja. Sisi twasema nidhamu ile ya kikundi iingie nyumbani.

Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha husoma Bungeni Dodoma makadirio ya mapato na matumizi ya nchi. Nyumba nayo yafaa iwe na makadirio yake, tena kila mwezi. Twatoa mfano. Mwezi Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda kutoka shilingi 370,000 hadi shilingi 500,000. Tuchukue mtumishi wa kima hicho. Baada ya kukatwa kodi, pensheni, bima ya afya na ada ya chama cha wafanyakazi, tuseme anapokea shilingi 430,000.

Na aandike hivi. Kodi ya nyumba 50,000. Chakula 130,000. Mkaa na umeme 40,000. Nauli 40,000. Mahitaji ya shule 30,000. Sabuni, mafuta na dawa ndogo ndogo 20,000. Wazazi kijijini 20,000. Misiba na michango 20,000. Akiba ya dharura 10,000. Jumla ni 360,000. Zinabaki 70,000, na hizo ndizo za kulipia deni. Mwingine atakuwa na watoto wengi zaidi, mwingine anaishi nyumba yake. Kila mtu ataweka tarakimu zake. Lakini azijue kabla mshahara haujaingia, wala asizikisie baada ya kwisha.

Sasa tuliangalie deni. Tuseme mtumishi huyo alikopa shilingi 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Riba ya mwezi wa kwanza ni 40,000. Ikiwa kila mwezi atalipa riba tu ili aachwe apumue, baada ya miezi sita atakuwa ametoa 240,000, na bado anadaiwa 200,000 zile zile. Lakini akilipa 70,000 kila mwezi, na riba ikahesabiwa juu ya deni lililobaki, katika mwezi wa tano deni limekwisha. Atakuwa ametoa karibu shilingi 327,000, yaani riba yote ni kama 127,000. Ni fedha nyingi, tena ni za uchungu, lakini zina mwisho. Deni hilo hilo akilihamishia kwenye SACCOS inayotoza, tuseme, asilimia 2 kwa mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni 4,000 badala ya 40,000. Anayeandika huiona tofauti hii. Asiyeandika huona tu kwamba fedha haikai.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa daftari uwe ni wa madeni, yote bila kuficha: nani anadai, kiasi gani, riba gani, tarehe gani. Mikopo ya simu iandikwe. Mangi wa dukani aandikwe. Shemeji aliyetuazima ada ya mtoto aandikwe pia, maana heshima ya ndugu nayo ni mali. Kisha kila mdai alipwe kile cha lazima, na ziada yote ielekezwe kwa yule mwenye riba kali kuliko wote. Huyo akiisha, fungu lake lihamie kwa anayefuata. Wala deni jipya lisifunguliwe ili kulipa la zamani, isipokuwa lile jipya lina riba ndogo iliyoandikwa na kueleweka. Dawa ya deni ni kulipa.

Na daftari hilo lisiwe la mtu mmoja. Nyumba nyingi zimeingia matatizoni kwa sababu mume alikopa mke asijue, au mke alidhamini kikundi mume asijue, hadi siku wadai walipofika kuchukua kitanda na televisheni mbele ya watoto. Mume na mke na wakae pamoja jioni moja ya kila wiki, dakika chache tu, wafungue daftari.

Kwa mkulima, mwezi si kipimo. Kipimo chake ni msimu. Mvua za nyanda zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Wakati huo ndipo mbolea inapotakiwa, na Januari sare na madaftari ya shule yanapodaiwa, hali ghala limeanza kuwa tupu. Ndipo mnunuzi anapokuja na fedha mkononi kununua mahindi au kahawa ingali shambani, kwa bei ya kusikitisha. Kule Kagera mtindo huo katika kahawa huitwa butura, na umekuwa kero ya muda mrefu. Huku kwetu nao upo. Kisha mavuno yakiingia, mkulima mwenye deni huuza haraka wakati bei iko chini, na mwezi wa Februari hununua unga kwa bei ya juu. Amekuwa mteja wa shamba lake mwenyewe. Mkulima naye agawe mapato ya mavuno katika mafungu ya miezi 12, na fungu la mbolea litengwe siku ile ile ya mauzo. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa mwaka 2022/2023 imepunguza bei, lakini hata mbolea ya ruzuku hainunuliwi kwa mfuko mtupu.

Wako watakaosema kwamba maskini hana cha kuandika, na kwamba tatizo si daftari bali ni udogo wa kipato. Hatuwapingi kwamba kipato ni kidogo. Mchuma chai wa Mufindi au Rungwe hulipwa kwa kilo alizochuma, na siku za kiangazi majani yanapopungua, fedha nayo hupungua. Hakuna daftari litakalozidisha kilo hizo. Ugonjwa wa ghafula hauombi ruhusa. Mtu aliyekopa ili mtoto atibiwe hakufanya uzembe, wala hatutamnyoshea kidole.

Lakini hoja hiyo haituondolei wajibu. Tajiri aweza kupoteza elfu kumi asijue. Mwenye kipato kidogo hawezi. Tena mfanyakazi atadaije haki yake ikiwa hajui hesabu yake? Mwenye daftari la nyumbani aweza kusimama katika mkutano wa tawi la chama cha wafanyakazi na kusema: chakula kimenigharimu kiasi hiki, nauli kiasi hiki, mshahara ni huu, upungufu ni huu. Maneno kama hayo hayajibiwi kwa porojo. Daftari ni silaha ya kujilinda, na ni silaha ya kudai pia.

Iko sehemu nyingine ya mzigo ambayo twajitwisha wenyewe. Kadi za michango ya harusi na za sherehe ya kumwaga binti zimekuwa kama hati za kodi. Watu hukopa ili wachange, na maharusi hukopa ili wapendeze. Kukopa harusi, kulipa matanga. Kusaidiana ni jadi yetu na hatutaki ife, hasa katika misiba. Lakini aliyekwisha kuandika kwamba fungu lake la michango ni shilingi 20,000 atoe hizo kwa moyo mweupe, na asione haya kusema kwamba mwezi huu fungu limekwisha.

Baada ya kuyasema hayo kwa wanaokopa, haifai tuwanyamazie wanaokopesha. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imewaweka wakopeshaji katika madaraja manne, na mtu anayekopesha kama biashara hana budi kuwa na leseni. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila kibali. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini mkopeshaji asiye na leseni aweza kuvua jina moja na kuvaa jingine. Basi yafaa maofisa biashara wa halmashauri wawatembelee wenye vibanda vya mikopo, waulize leseni, waulize mkataba, na waulize kadi za watu zilizomo katika meza zao ni za nini. Kadi na namba ya siri si dhamana. Ni funguo za nyumba ya mtu.

Waajiri nao wanalo la kufanya. Kanuni ya kwamba makato yasimwache mtumishi na chini ya theluthi moja ya mshahara wake iheshimiwe. Lakini kanuni hiyo hulinda kile kinachopita katika hati ya mshahara tu. Deni la mitaani hailioni. Kwa hiyo matawi ya vyama vya wafanyakazi, katika shule, hospitali, viwanda na mashamba ya chai, na yatenge saa moja kwa mwezi kufundishana hesabu hizi, na yaimarishe SACCOS za wanachama zenye vitabu vinavyokaguliwa. Mahali ambapo SACCOS imelala au viongozi wake wamekula fedha, kausha damu ndiye mrithi.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliionya nchi kwamba kutegemea fedha za wengine ni kuuweka uhuru wake rehani. Lililo kweli kwa nchi ni kweli kwa nyumba. Mwalimu ambaye kadi yake imo mezani kwa mtu mwingine amekwisha kupungukiwa na uhuru, hata kama bendera yapepea juu ya shule yake.

Daftari moja halina bei kubwa Mwanjelwa, wala Iringa mjini. Tunawaomba ndugu zetu wafanyakazi na wakulima walinunue wiki hii, na jioni ile ile waandike ukurasa wa kwanza, ule wa madeni. Utakuwa ni ukurasa mchungu. Lakini aliyekwisha kuuandika amefanya jambo ambalo mkopeshaji hakulitarajia: sasa hesabu wanaijua wawili.