Kabla ya Kununua Motokaa ya Fahari, Muulize Fundi



Siku moja mwezi uliopita nilipita Kawangware, nikaona kando ya Barabara ya Naivasha motokaa kubwa nyeusi, yenye kung'aa, imelala chini kama ng'ombe aliyekataa kusimama. Tumbo lake lilikuwa karibu kugusa ardhi, na fundi wa jua kali alikuwa amejilaza ubavuni akichungulia kwa tochi. Mwenye motokaa alikuwa ameketi juu ya tairi, ameshika tama.

Bwana huyu hununua mbuzi na ng'ombe huko kaskazini na kuwauza kwenye machinjio ya Dagoretti. Kwa miaka mingi alisafiri kwa malori ya watu. Alipopata fedha akanunua motokaa ya fahari iliyokwisha kutumika ng'ambo, ya namna ile ambayo injini husukuma magurudumu yote manne. Safari mbili za kwanza zilikuwa za raha, maana alikwenda kwa lami mpaka Marsabit na kurudi. Safari ya tatu aliiacha lami akashika njia ya North Horr, inayopita jangwa la Chalbi. Jua lilipokuwa likitua, taa ya onyo ikawaka, motokaa ikashuka upande mmoja, kisha ikashuka yote, na tairi zikaanza kukwaruza madigadi. Wakakwama hapo usiku mmoja na mchana kutwa, watu watatu, na maji yao yalikuwa yamebaki chupa moja lori lilipotokea. Motokaa ililetwa Nairobi imebebwa. Mbuzi aliokwisha kuwalipia arubuni wakauzwa kwa mtu mwingine.

Juma lililofuata nilikuwa Makina, Kibera. Kikundi kimoja cha akiba kilinitaka shauri. Wanachama wake wameweka fedha kidogo kidogo kwa miaka sita, nao walitaka kununua motokaa ya namna ile ile, waikodishe kwa wasafiri waendao nchi za mbali. Mwenyekiti wao, mama wa makamo, aliniuliza hivi: "Bwana, motokaa kubwa namna hii itashindwaje na njia ambayo hata pikapu ya zamani inapita?"

Swali hilo ni zuri, nami nataka kulijibu hapa, maana najua wengi wenu mnalo moyoni.

Kwanza tuseme haki. Motokaa hizi si dhaifu. Zina nguvu nyingi, breki zake ni nzuri, na dereva hufika bila kuchoka. Katika mwaka 1971 na 1972 Waingereza walizichukua Range Rover mbili kutoka Alaska mpaka ncha ya kusini ya Amerika, wakapita katika msitu na matope ya Darién ambako hapana barabara. Zilifika. Lakini msafara ule ulikuwa na askari na wahandisi, na vyuma vya gia za magurudumu vilipovunjika, vipya vililetwa kwa ndege. Wewe unayekwenda North Horr kununua mbuzi, ni nani atakayekuletea kipuri kwa ndege?

Sasa tutazame mambo yanayozishinda motokaa hizi katika njia ya mbali.

Jambo la kwanza ni springi. Pikapu ya zamani hukaa juu ya springi za chuma. Motokaa nyingi za fahari hukaa juu ya mifuko ya mpira iliyojazwa hewa. Range Rover ilianza kuwekewa mifuko hiyo mwaka 1992, na tangu hapo wengine wameifuata. Pampu ndogo hujaza hewa, na kompyuta huamua motokaa inyanyuke au ishuke. Katika lami ni kama kulala juu ya godoro. Lakini mpira huzeeka. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza motokaa iliyozidi umri wa miaka 8, kwa hiyo wengi wetu tunainunua ikiwa na miaka saba au minane, na mpira nao una umri huo huo. Hapo unaupeleka kwenye mawe, vumbi na makorongo. Mfuko ukipasuka kidogo tu, pampu hufanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua. Hivyo ndivyo ilivyompata bwana wa Kawangware. Springi ya chuma ikivunjika, fundi wa Marsabit ataifunga kwa gogo na waya, nawe utafika nyumbani polepole.

Jambo la pili ni kompyuta. Injini za siku hizi zina vyombo vidogo vingi vya kupima joto, hewa na mafuta. Kimoja kikitoa habari isiyo sawa, kompyuta hupunguza nguvu ili injini isiharibike. Ni akili njema, ikiwa uko karibu na karakana yenye mashine ya kuisoma kompyuta hiyo. Jangwani huna ila spana, na spana haisomi kompyuta.

Jambo la tatu ni mafuta. Kenya ilipunguza salfa katika dizeli mpaka sehemu 50 katika milioni mwaka 2015, na hilo lilikuwa jambo jema kwa afya zetu. Lakini huko Ulaya kikomo ni sehemu 10 tangu mwaka 2009, na injini nyingi za fahari ziliundwa kwa mafuta hayo. Tena, mbali na miji dizeli huuzwa katika mitungi, nayo huchanganyika na maji na mchanga. Injini ya zamani hukohoa, ukasafisha chujio, ukaendelea. Injini mpya huenda ikaharibika pampu na nozeli zake, na bei ya vitu hivyo yaweza kupita bei ya ng'ombe kadhaa.

Jambo la nne ni tairi. Tairi pana na fupi hupendeza Nairobi, lakini hupasuliwa na mawe makali, na ukubwa wake si rahisi kuupata katika maduka ya kaskazini.

Mtaniuliza: basi tununue nini? Tazameni wale ambao kazi yao ni kufika. Polisi, wauguzi na watu wa misaada katika nchi kame wengi wao hutumia Toyota Land Cruiser ya namna ya 70, iliyoanza kuundwa mwaka 1984 na ambayo pikapu zake huunganishwa Mombasa. Ni ngumu kukalia na bei yake si ndogo. Zile zilizo mpya zina kompyuta nazo, na yoyote isiyotunzwa itakuangusha. Lakini springi zake ni za chuma, na kila mji utamkuta mtu aliyewahi kuifungua.

Wala msidhani kwamba upya ndio uimara. Mwaka 1965 Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda mashindano ya Safari kwa motokaa ya Volvo iliyokwisha kutumika. Joginder alikuwa fundi. Aliijua motokaa yake kabla ya kuondoka.

Kwa hiyo, msomaji, kabla ya kutoa fedha fanya haya. Mchukue fundi wako, umlipe siku yake, aitazame motokaa na mifuko yake ya hewa. Iegeshe jioni, uitazame asubuhi: ikiwa imeshuka upande mmoja, iache. Mpigie simu fundi wa mji wa mwisho katika njia yako, umwulize kama anaijua motokaa hiyo na kama vipuri vyake vinapatikana huko. Weka kando fedha za matengenezo kabla ya kuhesabu faida. Na kama tayari unayo motokaa ya fahari, itumie katika lami kwa raha zako, na uingie jangwani pamoja na motokaa nyingine, una maji ya siku tatu na mtu wa nyumbani anayejua njia utakayopita.

Wale ndugu wa Makina walikuwa tayari kutoa arubuni siku ya Ijumaa. Badala yake walikwenda na fundi wao. Motokaa ilipowashwa ilinyanyuka vizuri mno, wakashangilia. Fundi akawaomba waizime, wakae, wanywe chai. Kabla chai haijaisha, nyuma ya motokaa ilikuwa imeshuka kiasi cha vidole vinne. Mwenyekiti akaifunga mkoba wake, wakapanda matatu wakarudi Kibera.

Akiba yao bado ipo. Sasa wanatafuta pikapu ya springi za chuma, na fundi yule yule ndiye anayewatafutia.