MATARI, KINANDA NA SAUTI ZA WATOTO WETU



Ndugu zetu wasomaji, kila unapokaribia Mfunguo Sita huzuka miongoni mwetu hapa Katy swali lile lile: watoto wetu wasome nini katika Maulidi, na kwa sauti gani? Wazee wanataka Barzanji kama ilivyosomwa Mombasa na Unguja. Vijana wanataka kasida za Maher Zain walizozizoea katika simu. Wengine hawataki tari lisikike msikitini, na wapo wasemao kuwa Maulidi yenyewe hayana asili. Tumewasikia wazazi wakiapa kutowaleta tena watoto wao ikiwa upande wao hautafuatwa. Kiapo hicho kinatutia hofu kuliko tari lolote.

Mtihani huu si wetu peke yetu. Jirani zetu Wakatoliki nao huvutana juu ya nyimbo za misa: huyu ataka kinanda na Kilatini, yule ataka gitaa na ngoma. Mwezi wa Novemba 1903 Papa Pius wa Kumi aliandika waraka wa kukataza piano na ngoma kanisani. Mwaka 1958 Guido Haazen, mtawa Mbelgiji, akatoa Missa Luba pamoja na wanafunzi wa Kamina, Kongo, yaani misa ya Kilatini kwa mahadhi na ngoma za kwao. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukazipa nafasi jadi za muziki za mataifa, lakini waraka huo huo ukaziweka mbele nyimbo za kale za Gregori. Kwa hiyo kila upande una kifungu cha kushikilia, na mjadala unaendelea hadi leo.

Nasi tunacho kisa chetu. Habib Swaleh bin Alawy Jamalilleil, mwenye asili ya Ngazija, alihamia Lamu katika karne ya 19 akakaa mtaa wa Langoni. Huko aliwasomesha watu ambao wakubwa wa mji hawakuwafungulia mlango wa elimu: watumwa, wageni na mafukara. Akawasomea kwa matari Maulidi ya Habshi, yaliyotungwa na Sayyid Ali bin Muhammad al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut. Baadhi ya wakubwa walighadhibika: vipi tari lipigwe ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu? Habib hakurudi nyuma. Alifariki mwaka 1935, na hadi leo Maulidi ya Msikiti wa Riyadha huwavuta watu wa pwani nzima.

Ugomvi ule ulitajwa kuwa wa tari, lakini ndani yake mlikuwa na swali zito zaidi: ni nani mwenye haki ya kuingia msikitini na sauti yake ikasikika? Watoto wetu nao wamesimama mlangoni. Kiarabu hawakifahamu, na Kiswahili kinawaponyoka.

Hatudai kwamba hoja ya sheria ni ndogo. Wanaokataza ala wanayo hadithi katika Bukhari. Wanaoruhusu dufu wanayo ile ya wasichana wawili walioimba nyumbani kwa Bibi Aisha siku ya Idi, Sayyidna Abubakar akawakemea, naye Mtume (s.a.w.) akamwambia awaache. Wanavyuoni wamezijua zote mbili kwa karne nyingi, wala hatutazimaliza sisi katika ukumbi wa kukodi.

Rai yetu ni hii. Ndani ya msala isomwe kwa sauti tupu, ili asiyeridhia tari asifukuzwe mahali pake pa sala. Ukumbini matari yapigwe, kwa adabu. Asiyehudhuria Maulidi asibughudhiwe, naye asiwabughudhi wenzake. Kila mtoto ahifadhi walau kasida moja ya Kiswahili, na aelezwe maana yake kabla ya kuihifadhi. Sayyid Mansab wa Lamu aliitia Barzanji katika beti za Kiswahili ili watu wafahamu walichokuwa wakikisoma, na haja hiyo ni kubwa zaidi huku ugenini.

Ama kasida za simu, zisikilizwe nyumbani na ndani ya gari, wazazi wakiwepo. Zisiwekwe katika spika siku ya Maulidi zikachukua nafasi ya watoto. Mtoto anayesoma kwa kukosea hupata wa kumsahihisha, na kesho atakuwa msomaji. Anayesikiliza spika tu atabaki msikilizaji, na siku wazee watakapoondoka hapatakuwa na wa kuitikia.

Basi tukutane Mfunguo Sita huu, na kila mzazi aje na mtoto wake.

Wabillahi tawfiq.