Boti za faiba Ziwa Mweru: kiraka cha haraka au matengenezo kamili?

NCHELENGE, Zambia – Kila mwaka, kuanzia Desemba 1 hadi mwisho wa Februari, Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi, Ziwa Mweru likiwemo. Kwa mwenye boti ya uvuvi katika mwalo wa Kabuta, hiyo ndiyo miezi pekee ambayo chombo kinaweza kukaa nchi kavu bila kumpotezea mapato ya samaki. Tatizo ni kwamba miezi hiyo hiyo ni ya mvua, na boti ya faiba haizibwi ikiwa imelowa.

Hapo ndipo lilipo fumbo la kiuchumi. Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, hewa ni kavu na kazi ya faiba hushika vizuri, lakini boti iko ziwani inatafuta pesa. Masika boti iko bure, lakini ufa haukauki.

Ziwa hili, lenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 5,100, limegawanywa na mpaka wa Zambia na Kongo. Samaki na dagaa wanaoitwa chisense huuzwa Kashikishi na kusafirishwa hadi miji ya Copperbelt, huku bidhaa za madukani zikivuka kwenda Kilwa na Pweto upande wa Katanga. Katika miaka ya 2000, hata madini ya mgodi wa Dikulushi yalivushwa kwa tishari kutoka Kilwa hadi Nchelenge. Kwa hiyo boti inayovuja si tatizo la mvuvi peke yake, bali pia la mwenye mzigo.

Hesabu ya mwenye boti

Chukua mfano wa makadirio tu. Boti inaingiza kwacha 800 kwa siku baada ya kutoa mafuta na posho za wafanyakazi. Kiraka cha bati, skrubu na lami kinagharimu kwacha 300 na siku moja ya kazi, jumla 1,100. Kikiachia kila baada ya wiki sita, katika miezi tisa ya uvuvi kitarudiwa mara sita: kwacha 6,600.

Matengenezo kamili yakigharimu kwacha 2,500 za vifaa na fundi, pamoja na siku sita za kukausha na kufanya kazi, katikati ya msimu yatafika kwacha 7,300. Ndiyo maana wengi huchagua kiraka, na kwa hesabu hiyo hawajakosea. Lakini kazi hiyo hiyo ikifanywa wakati uvuvi umefungwa inabaki kwacha 2,500. Tofauti ni kwacha 4,100 kwa boti moja. Wamiliki watano wakiungana wana zaidi ya kwacha 20,000 za kujengea banda la kukaushia, na banda hilo litatumika mwaka unaofuata pia.

Hesabu hiyo haijagusa hasara iliyojificha. Maji yanayopenya ufa hulowesha mbao au povu lililo katikati ya kuta. Boti huwa nzito, hunywa petroli zaidi na hubeba mzigo mdogo, na wimbi kubwa likija ufa unaweza kufunguka. Lami nayo huacha mafuta, na resini haishiki juu ya mafuta.

Kazi yenyewe

Fundi hukata sehemu yote iliyolegea hadi afikie faiba ngumu, kisha husugua kingo ziwe mteremko wa mara 12 ya unene. Ukuta wa milimita 6 unahitaji mteremko wa milimita 72 kuzunguka tundu. Anayeishia kwenye mdomo wa tundu ameweka kizibo tu, na kizibo hicho kitang'oka.

Baada ya kukausha na kusafisha kwa asetoni, hubandikwa mikeka ya nyuzi za kioo iliyoloweshwa resini, tabaka moja baada ya jingine, hewa ikikandamizwa itoke. Kilo moja ya mkeka hunywa resini kati ya kilo 2 na 2.5. Kigandishi huwekwa asilimia 1 hadi 2, yaani gramu 10 hadi 20 kwa kilo ya resini. Kikizidi, resini hupata joto kali na kupasuka. Kikipungua, inabaki laini. Asubuhi za baridi za Juni na Julai huchelewesha kuganda. Miwani na kifunika pua ni lazima, kwani vumbi la kioo huumiza mapafu na tone la kigandishi linaweza kupofusha jicho.

Fursa na hatari kwa wasafirishaji

Kwa mizigo inayoshukia Dar es Salaam, njia ni Tunduma na Nakonde, ambako kituo cha pamoja cha forodha kilizinduliwa mwaka 2019, kisha Kasama hadi Luapula. Lakini resini ni kimiminika kinachowaka, na kigandishi ni peroksaidi. Hivi ni vitu vya hatari vinavyotakiwa kutenganishwa na kuandikwa wazi kwenye hati za mzigo. Kuvificha chini ya magunia ni kuhatarisha lori, dereva na bima.

Resini pia huharibika. Ikihifadhiwa kwenye joto inaweza kuganda ndani ya pipa kabla ya kuuzwa. Mfanyabiashara anayeagiza Machi atakuwa na bidhaa iliyozeeka Desemba. Mwenye busara ataagiza Oktoba na kupokea Novemba, kabla mvua hazijaharibu barabara na kabla boti hazijapandishwa nchi kavu.

Kwa Kabuta, basi, resini pekee haitoshi. Kinachohitajika ni paa, fundi na mzigo unaofika kwa wakati. Atakayeviunganisha hivyo vitatu kabla ya Desemba 1 atapata wateja. Wengine wataendelea kununua lami kila baada ya wiki sita.