Ualimu Si Kazi ya Waliokosa Kazi

Imeingia tabia katika nyumba zetu za Mvita nayo ina hasara kubwa. Mtoto akifaulu vyema Kidato cha Nne huulizwa kama atasomea udaktari, uhandisi au sheria. Akijibu kwamba ataka kuwa mwalimu, wazee hutazamana, na mama humwuliza, "Mwanangu, kwani kozi zote zimekwisha?" Na mzazi huyo huyo, shule zikifunguliwa, utamkuta ofisini kwa mwalimu mkuu akilalamika kwamba walimu hawatoshi na waliopo hawajui mila za watoto wetu. Twataka kuvuna shamba tusilolilima.

Wazee wa mji huu hawakuwa hivi. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyezaliwa hapa Mombasa mwaka 1891, alikuwa na elimu na ukoo wa kumtosha kuishi kwa heshima bila ya kujisumbua na watoto wa watu. Yeye alichagua kusomesha. Alitunga vitabu vya dini vya wanafunzi. Mwaka 1930 akatoa gazeti la Sahifa, na 1932 Al-Islah, akiwahimiza watu waitafute elimu, wana wa kike na wa kiume, siku ambazo wengi waliogopa kwamba skuli ya Serikali itawapokonya watoto dini yao. Mwaka 1937 akawa Kadhi Mkuu wa Kenya, na cheo hicho hakikumfanya aone ualimu ni kazi ya chini yake. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui, naye alikuja kukalia kiti hicho hicho cha Kadhi Mkuu. Ndiyo faida ya mwalimu hiyo: huacha watu.

Sheikh Al-Amin aliacha pia mtoto wa miaka kumi na minne, Ali, alipofariki mwaka 1947. Habari za Profesa Ali Mazrui zajulikana duniani, lakini wazazi wengi hapa hawajui kwamba katika mtihani wa Cambridge alipata daraja la tatu, na Makerere haikumchukua. Alishika ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu, MIOME, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Ni hotuba yake katika Maulidi, mbele ya Gavana Sir Philip Mitchell, iliyomfungulia njia ya kwenda kusoma Uingereza. Mwaka 1963 akaanza kusomesha Makerere, chuo kile kile kilichomkataa, na baada ya miaka miwili tu alikuwa profesa. Aliongoza idara, akaongoza kitivo. Alipolazimika kuondoka Uganda wakati wa Idi Amin, alisomesha Michigan, kisha Binghamton, na hapa nyumbani akawa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Alifariki mwaka 2014, akarejeshwa kuzikwa kwenye makaburi ya Wamazrui, karibu na Ngome. Nusu karne ya ualimu! Nawauliza wazazi: huyu karani wa daraja la tatu angekuwa mwanao leo, ungemwona wa maana?

Sisemi kila mwalimu atakuwa profesa. Walio wengi watabaki katika shule zetu za Kisiwani, na huko ndiko tunakowahitaji zaidi. Mwalimu mkuu aliyekaa kazini miaka thelathini hujua mengi yasiyoandikwa katika rejista. Hujua mtoto gani hulala darasani kwa sababu babake hurudi baharini alfajiri, na yupi amechoka kwa kutoka chuoni usiku. Hujua mzazi gani amebanwa na karo na aona haya kusema. Hujua kuipanga ratiba ya Ramadhani na sala ya Ijumaa isiyopunguza somo, na kuisimamia kamati yenye watu wasiosemezana. Haya hayafundishwi kwa semina ya siku mbili. Ni ujuzi wa umri mzima, na akistaafu akiwa na miaka sitini twauacha ukae naye barazani, hali bodi za shule zatafuta watu wa shauri.

Na tusimlaumu mwalimu aliyetoka Kisii au Machakos akaja kutusomeshea watoto. Huyo ametufanyia hisani, na haki yake ni kukaribishwa na kuelezwa mji. Yeye amejaza nafasi tuliyoiacha wazi sisi wenyewe.

Najua jawabu la wengi: mshahara ni mdogo, na kodi za nyumba Kisiwani hazina huruma. Ni kweli, wala simtaki mwalimu afe njaa apewe sifa. Lakini walimu wa kabla ya uhuru walilipwa duni kuliko hawa, na hawakukimbia. Waliunda chama chao, KNUT, mwaka 1957, wakapigania mwajiri mmoja hadi ikapatikana Tume ya Kuajiri Walimu mwaka 1967. Mshahara hupiganiwa na walio ndani ya kazi. Mji usio na walimu wake hauna hata wa kuusemea.

Basi, enyi wazazi wa Kibokoni, Kuze na Mkanyageni, enyi wa Majengo na Tudor: Chuo cha Walimu cha Shanzu ni safari ya matatu tu kutoka hapa, na Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi. Matokeo yakitoka, binti yako mwenye alama nzuri akikwambia ataka ualimu, usimkatize. Mpe nauli, mwombee dua, na umwambie mbele ya ndugu zake kwamba amechagua kazi ya watu wakubwa.