Mmepunguza Wapi?

Jamani, tusije tukaitwa watu wasio na shukrani. Juni 2023 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Mwigulu Nchemba, alipotangaza kwenye bajeti bungeni kwamba tozo ya kutuma pesa kwa simu inafutwa, na sisi huku Kisarawe tulifurahi. Ilikuwa imetuchoma tangu Julai 2021. Umtumie mama nauli atoke Maneromango aje hospitali, na serikali ilikuwa inataka ya kwake.

Ila tozo ya kutoa ikabaki. Sasa nani huku kwetu anakula pesa ikiwa bado imo ndani ya simu? Muuza mihogo anataka noti, bodaboda anataka noti, hata mchango wa msiba mtu anatoa mkononi. Pesa ikiingia asubuhi, mchana tuko kwa wakala.

Halafu bajeti ileile ikatupandishia kwingine: shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, shilingi 1,000 kwa mfuko wa saruji wa kilo 50, na kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU ikatoka 12,000 kwa mwaka ikawa 18,000. Hii ya LUKU ndiyo inatutia wazimu. Mtu umepanga chumba kimoja, unanunua umeme wa elfu tano, unakuta jengo limeshachukua chake. Eti tukatane na mwenye nyumba kwenye kodi ya pango. Jaribuni nyie, mtuletee majibu.

Kodi ikilegezwa uchumi unakua, ndivyo tunavyoambiwa. Na mwaka 2023 ulikua kweli, asilimia 5.1. Haya. Lakini mafuta hayohayo yaliyopandishwa ndiyo yanayobeba mananasi na mihogo yetu kwenda Gongo la Mboto, na ndiyo yanayorudi na unga na sukari. Ile shilingi mia tunailipa kwenda, tunailipa kurudi.

Mbunge akisimama Dodoma anaunga mkono hoja asilimia mia moja, yote kwa mkupuo, lililofutwa na lililopandishwa. Akirudi jimboni anatuhesabia lililofutwa tu! Siku nyingine atuhesabie yote. Na wanasiasa wakija na msafara, wasituzuge kwa kuwajazia vijana wa bodaboda lita mbili za kupiga honi. Kesho yake vijana haohao wanatupandishia nauli, na ukilalamika wanakwambia mafuta ghali.